Naomba ushauri: Dodge Charger R/T au Scat Pack?

Ndugu zangu, naishi Houston, Marekani, na tangu utotoni nimelipenda jina la gari la Charger, lililoanza mwaka 1966. Nimeweka akiba ya kununua iliyotumika, ya mwaka 2019, ila nasita kati ya matoleo yake mawili: R/T yenye injini aina ya HEMI ya lita 5.7 na nguvu za farasi 370, na Scat Pack ya lita 6.4 yenye farasi 485. Juzi niliwasha R/T moja asubuhi, mngurumo wake ukanipanda hadi kifuani. Hata hivyo, kwa kuwa injini hizi zinajulikana kwa tapeti (vipande vidogo vinavyosaidia kufungua vali) kulika hadi kuharibu kamshafti (mhimili unaozisukuma tapeti hizo), fundi akague nini kabla sijalipa? Na je, unywaji mafuta wa Scat Pack unavumilika kwa mtu anayeendesha maili 40 kila siku?