Uliwaambiaje wazazi kwamba wewe ni transi? Tupeane uzoefu, watu wa Kigoma na Tabora

Miembe_Isevya
Habari za jioni wapendwa. Leo narudi kazini hapa Isevya nakuta mtoto wa jirani, ana kama miaka 15 hivi, anatandikwa fimbo nje kwao kisa kakutwa kajifunga kanga ya dada yake na kamwambia mama yake kwa mdomo wake kwamba yeye ni msichana. Nimeingilia, nimemchukua, hapa mikono bado inatetemeka maana hiyo ni stori yangu mimi ila kinyume chake. Nilizaliwa binti, leo ni mwanaume wa miaka 31.

Naanza mimi. Nlikuwa form two, tumekaa na mama kwenye mkeka tunamenya viazi vya matobolwa, vile vya kuchemsha na kukausha, akawa ananiambia shangazi atakuja kunifunda maana nimeshavunja ungo. Likanitoka tu, mama mimi sio msichana, najua mwili unavyosema lakini ndani sio. Mama hakuinua macho. Akamenya debe zima likaisha ndo akasema, "Usimwambie baba yako mpaka viazi vikauke." Sikuelewa viazi na mimi vinahusiana nini. Kumbe alikuwa anatafuta siku, nimekuja kugundua baadaye kwamba siku zile ndo alienda kwa mjomba Nzega kuniombea pa kukaa. Na kweli baba alivyojua nililala siku mbili tu pale nyumbani.

Haya nyie je? Nani alikuwa wa kwanza kujua? Wa kutukana apite.

Kibirizi_Asubuhi
Pole kaka. Fimbo za hivyo nazijua, alama ninayo mgongoni.

Kijana_wa_Ujiji
Mimi mama aligundua kwa shungi. Kila nikitoka madrasa nalivua kwenye kona, siku hiyo akanikuta kichwa wazi na nimenyoa. Akaniuliza una nini wewe, nkamwambia mama mimi ni mtoto wako wa kiume. Hakunipiga. Alinipeleka kwenye kisomo, nimekunywa kombe wiki tatu asubuhi na jioni, af shehe mwenyewe akamuuliza mama, huyu mtoto maumbile yake yakoje, isije ikawa ni huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume. Mama alifurahi jamani! Maana huntha kwenye fiqhi anajulikana, ana hukumu zake za mirathi na sala, sio aibu ya mtu. Tukaenda hospitali na matumaini yote, daktari akapima akasema huyu ni wa kike kamili, hakuna kitu. Tulirudi kwa miguu kimya. Kisomo kilikuwa afadhali kuliko ile safari, maana kabla ya hapo mama alikuwa na jina la kuniita, baada ya hapo hana.

Mzee_Ngambo
Sasa si daktari amejibu? Huntha ni maumbile, hao wengine ni kuiga mambo ya kwenye simu.

Mgebuka_Mkavu
@Mzee_Ngambo mimi nimejijua 1996 kijijini Urambo, baba analima tumbaku, hatuna hata redio. Nimeiga kwa nani? Hata Shirika la Afya Duniani lilitoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa ya akili mwaka 2019. Na kama unataka dini, Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Iran, miaka ya 1980 alitoa fatwa kuruhusu watu kama hawa wafanyiwe upasuaji.

Mzee_Ngambo
Wale ni Mashia. Usimpotoshe mtoto wa Kisunni wa Ujiji.

Kijana_wa_Ujiji
Naombeni msigombanie mama yangu humu. Kashafariki.

Binti_Malagarasi
Sijawahi kuandika hii popote.

Kwetu Katonga, baba mvuvi wa dagaa. Nilizaliwa wa kiume, mtoto wa kwanza, nimepewa jina la babu. Nna miaka 17, mwishoni mwa 2018, mnakumbuka kile kipindi mkuu wa mkoa wa Dar katangaza kamati ya kusaka mashoga, redio asubuhi jioni ni hiyo hiyo, basi ba'wakubwa wakawa wakija nyumbani wananiangalia mimi tu. Siku moja mama akaniuliza mbele yao, we ni shoga? Nkasema hapana mama, mimi ni msichana. Mimi nilidhani najieleza waelewe, kumbe ndo nimeharibu kabisa. Ba'mkubwa akamwambia baba, huyu ukimwacha ukoo mzima utachekwa, maliza mwenyewe jambo lako. Baba hakujibu.

Usiku saa sita akaniamsha, twende ziwani. Sasa watu wa ziwa mtanielewa, ilikuwa mbalamwezi, mwezi umejaa mchana mweupe, na hakuna mvuvi anayefuata dagaa na mbalamwezi maana taa haivuti kitu, mitumbwi yote imepanda mchangani watu wanashona nyavu. Nkajua huu ndo mwisho wangu. Mama alikuwa mlangoni hakusema neno, akanivalisha sweta lake. Lile sweta ndo lilizidi kuniliza, nawaza mtu anayeenda kuzamishwa sweta la nini.

Tukaenda, taa za Kigoma zinazidi kuwa ndogo, ng'ambo naona milima ya Kongo. Mbali huko akazima injini. Shuleni tulifundishwa ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470 na mimi nimekaa pale naihesabu hiyo namba. Akasema, "Hebu sema tena, hapa hakuna ndugu." Nkasema baba mimi ni msichana. Akakaa. Akavua kofia, akachota maji akanawa uso, akachota tena. Kisha akawasha injini, ila hatukurudi nyumbani. Kunakucha tuko Ilagala kwa shangazi. Akanipa elfu themanini imefungwa kwenye nailoni pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, kumbe alishavifunga kabla hatujatoka. Kaka zake akawaambia nimeshamaliza. Mpaka leo sijui walielewa nini.

Ananipigia kila ijumaa. Jina langu halitaji, la zamani wala jipya. Anasema "mwanangu wa Ilagala".

Kibirizi_Asubuhi
Dah. Nimesimamisha bodaboda pembeni nisome.

Mama_Cheyo
Nalia. Huyo baba Mungu ampe maisha marefu.

Mgebuka_Mkavu
Maisha marefu ya nini? Kamwacha mtoto anaamini anaenda kuuawa saa nzima kwenye maji! Kwa nini asingemwambia kulekule nyumbani?

Kibirizi_Asubuhi
Kuta za udongo zinasikia mkuu. Kaka zake wangekuwa wamelala chumba cha pili.

Mgebuka_Mkavu
Kwenye mtumbwi je, nani anasikia?

Binti_Malagarasi
Mnamgombania mtu hamumjui. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu, injini aliivuta mara nne ndo ikawaka.

Mama_Cheyo
Ngoja niseme upande wa mzazi, maana humu naona ni watoto tu. Mimi ndiye niliyeambiwa. Mwanangu alinifuata jikoni akaniambia, nami nikamjibu heri ungekufa mdogo. Niliyatamka hayo mimi, mwanakwaya. Alirudi baada ya miaka sita. Watu wanasema mzazi ana shida na jinsi ya kumwita, lakini Kiswahili chetu yeye ni yeye tu, awe wa kike awe wa kiume. Kilichonishinda ni jina nililompa, na kanga nilizokuwa namwekea sandukuni toka ana miaka mitano za siku atakayoolewa. Zile kanga nimezigawa mwaka jana. Vijana, msituambie tukiwa jikoni, mbele ya moto mtu anajibu haraka.

Mgebuka_Mkavu
Ushauri wangu usiseme kabisa mpaka umalize kidato cha nne na vyeti uwe navyo mkononi.

Kijana_wa_Ujiji
Mi napinga. Nilikaa kimya miaka minne nikawa naumwa tumbo kila siku hawaoni kitu. Anza na bibi. Bibi wa Kiha kaona mengi yule, wangu alisema tu "mlete ale".

Kibirizi_Asubuhi
Baba mwambie akishashiba mgebuka wa mawese, wangu akishiba hapo hata kiatu harushi.

Mama_Cheyo
Muandikieni barua, mzazi apate kusoma peke yake.

Binti_Malagarasi
Barua hapana jamani! Barua inasomwa na ukoo, inaenda kwa mwenyekiti, inafika polisi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kinyume na maumbile, miaka 30 mpaka maisha, hakijasema kujiona msichana ni kosa, lakini askari wa kituoni hakuchambulii hivyo. Sema kwa mdomo, na mtu mmoja. Na kabla hujasema ujue usiku huo utalala wapi.

Mgebuka_Mkavu
Ukipigwa kuna 116, simu ya mtoto, bure. Sema napigwa, hayo mengine usianze nayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza ukatili kwa mtoto yeyote, hawajaandika isipokuwa huyu.

Mzee_Ngambo
Mimi msimamo wangu ni ule ule. Ila huyo mtoto wa Isevya yuko wapi saa hizi? Mbona mmemsahau wote?

Miembe_Isevya
Yupo kwangu. Kala matobolwa bakuli zima hajaongea. Nimempaka mafuta ya ng'ombe mgongoni.

Mama_Cheyo
Na mama yake?

Miembe_Isevya
Kaja toka saa mbili. Hajapiga hodi, kakaa kwenye ngazi ya mlango wangu kajifunika kanga, na pembeni kaweka begi la shule la mtoto. Sijui kaja kumchukua au kamletea madaftari. Nimewasha taa ya nje. Natoka kumsalimia.