Timu tatu zimelingana pointi: nani anakaa juu?

Ribaundi: Wadau, ligi yetu ya kikapu inafuata kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu duniani), duru moja, yaani kila timu hukutana na nyingine mara moja tu. A, B na C zimemaliza msimu na pointi sawa za msimamo. A iliifunga B 80–70, B ikaifunga C 75–73, C ikaifunga A 82–78. Zinapangwaje?

MezaKuu: Weka kando msimu mzima kwanza, chukua mechi za hizo tatu pekee. Kila moja imeshinda 1, kwa hiyo inaamua tofauti ya pointi (ilizofunga kutoa ilizofungwa): A +6, C +2, B −8. A ni ya kwanza.

Ribaundi: Basi C ya pili?

MezaKuu: Hapana, hapo ndipo wengi hukosea! A ikishapangwa, unaanza upya na zilizobaki. B iliifunga C, hivyo B ya pili.

Pivoti5: Ndiyo maana timu iliyo nyuma lazima ikabe hadi filimbi ya mwisho. A ingefungwa na C kwa tofauti ya pointi 12, C ingeongoza. Kagua pia pointi za msimamo: ushindi 2, kufungwa 1, lakini timu isiyofika uwanjani hupata 0 na kuandikiwa kipigo cha 20–0.