Hiti pampu inamaliza tokeni: niitengeneze, nifunge sola au shawa za umeme?

Kaskazi_Mlb: Salaam jamani. Nina nyumba ya wageni hapa Malindi. Maji nachemsha kwa hiti pampu, ile mashine ya stima inayovuta joto la hewa na kulitia kwenye tangi la maji, na mwanzo ilikuwa haili stima sana. Sasa tokeni nanunua leo, keshokutwa mita inalia. Fundi mmoja asema kompresa, ile mota inayosukuma gesi ndani ya mashine, imechoka, ibadilishwe. Wa pili asema ing'olewe, nifunge sola juu ya paa. Wa tatu ataka kila chumba kiwe na shawa yake ya umeme. Nataka niamue kabla wageni wa Desemba hawajaingia. Mwasemaje?

FundiWaBarani: Tuseme nini na hujasema kitu? Tangi lita ngapi? Vyumba vingapi? Umeiweka nyuzi ngapi? Mashine yenyewe iko nje au ndani?

BiShela: Sola, ndugu yangu. Hiti pampu mimi nimeikoma. Yangu ilikuja Shela, Lamu, kwa mashua, ikapandishwa kwa mkokoteni na punda, nikaitundika upande wa bahari. Kusi lote likawa laipulizia chumvi. Mwaka wa pili yale mapezi ya alumini yanayovuta joto ukiyagusa yapukutika mkononi. Na maji moto yatoka vilevile, ndiyo maana sikushtuka! Kumbe mashine haivuti joto tena, ni elementi ya akiba, ile koili ya umeme ndani ya tangi, inayochemsha peke yake. Fundi akaja, akajaza gesi, nikamlipa. Wiki tatu gesi hakuna. Akarudi, akajaza, nikamlipa. Mara ya tatu nikamwuliza, hii gesi yanywewa na nani? Gesi ile huzunguka tu, ikipungua ujue pana tundu. Hakurudi tena.

Mahamri_na_Mbaazi: Shawa za umeme ndiyo dawa. Rahisi, hakuna tangi, hakuna kelele.

FundiWaBarani: Rahisi kununua. Moja hula kama kilowati 5. Wageni wanne wakitoka pwani jioni wakaoga pamoja, hiyo ni 20, na laini ya nyumba ya kawaida haihimili. Na kama maji ni ya kisima chenye chumvi, elementi zake utazibadilisha mpaka uchoke.

Kaskazi_Mlb: Samahani, nilisahau. Tangi lita 300, vyumba 6, nyuzi 65. Mashine iko stoo, mlango naufunga kwa sababu wageni walilalamikia kelele.

FundiWaBarani: Sasa umesema! Bwana, hiyo mashine hunyonya joto la hewa na kutema hewa baridi. Ukiifungia stoo yavuta baridi yake yenyewe. Na hiti pampu nyingi haziwezi kufika nyuzi 65 bila elementi kusaidia. Piga hesabu: lita 300 kutoka nyuzi 27 hadi 55 zataka karibu yuniti 10 za joto. Elementi itakula stima zote 10, hiti pampu isiyo na ubovu hula 3 au 4. Kompresa usiiguse kwanza. Fungua mlango, shusha hadi 55, zima swichi ya elementi siku mbili, andika mita asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki ipandishe 60 ili vijidudu visizae tangini.

BiShela: Na masika yakija na mawingu? Sola nayo ina elementi, nisiwafiche.

Mahamri_na_Mbaazi: Kwani Malindi nani aoga maji moto? Ya bombani mchana yatoka yamechemka.

BiShela: Waulize Wataliano. Hata wewe Julai alfajiri huogi, wajipaka mafuta tu.

Mahamri_na_Mbaazi: 😂 Umenijuaje?

FundiWaBarani: Kaskazi, bomba za maji moto zimefungwa sponji? Na kuna pampu ya kuzungusha maji vyumbani? Ikiwaka usiku kucha, wapasha kuta.

Kaskazi_Mlb: Pampu ipo. Sijui huwaka saa ngapi, nitaangalia. Mlango nimeufungua jana na elementi nimezima. Maji moto yapo, lakini chumba namba 2 washaniuliza huo mngurumo ni wa nini.