Naomba ushauri: "m" ndogo na "M" kubwa katika vipimo zina tofauti gani?

Mrina wa Tabora: Wanajamvi, habari za jioni. Ninapakia na kuuza asali hapa Tabora, na kwa siku mbili sasa nimekosa usingizi kwa sababu ya herufi moja. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze kama kuna tofauti yoyote kati ya "m" ndogo na "M" kubwa zinapowekwa mbele ya kipimo, kwa kuwa ninaziona zote mbili madukani na sijawahi kusikia mteja akilalamika. Ninauliza kwa ajili ya kujifunza tu.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, "m" ndogo ni mili, yaani sehemu moja ya elfu, na "M" kubwa ni mega, yaani milioni moja, kwa hiyo kutoka moja hadi nyingine ni mara bilioni moja. Wafaransa walipoweka mfumo huu mwaka 1795 walichukua Kigiriki kwa kuzidisha, ndiyo kilo, hekto na deka, na Kilatini kwa kugawanya, ndiyo desi, senti na mili. Mega iliingizwa katika mfumo wa kimataifa mwaka 1960. Sisi tulikariri kilomita, hektomita, dekamita hadi milimita huku tumesimama, na aliyekosea hakuketi. Vijana wa leo mnataka kujua herufi mkiwa tayari mmeharibu kazi.

Kijana wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mimi yalinikuta kwa giga. Nilinunua memori kadi ya GB 32, kompyuta ikanionyesha 29.8, nikagombana na muuzaji mpaka tukanuniana. Kumbe mtengenezaji huhesabu giga kuwa baiti bilioni moja, ilhali kompyuta ile ilikuwa ikigawanya kwa 1,024 mara tatu. Hesabu hiyo ya pili ina jina lake tangu mwaka 1998, nalo ni gibi, lakini sijasikia mtu akilitaja dukani.

Mama Mizani: Kaka Mrina, anayejifunza tu hakosi usingizi siku mbili. Lebo zako zimeandikwaje?

Mrina wa Tabora: Dada, nitasema. Nimechapisha lebo 3,000 zenye maneno "Uzito halisi: 500 Mg". Niliona chupa za wenzangu zina "ml", nikadhani ile m ni alama ya kipimo chochote, basi nikamwambia mchapaji aweke m kisha g, maana asali huuzwa kwa uzito. Herufi kubwa aliichagua yeye, na kusema kweli inapendeza. Nimekwisha kubandika chupa 240, na fedha zilitoka kwa shemeji yangu. Sioni sababu ya kuzitupa, kwa sababu mteja anaiona asali kwa macho yake.

Mpiga Filimbi wa Stesheni: Megagramu moja ni tani moja, kwa hiyo kila chupa yako ina tani 500. Ninaomba mwenye kreni ajitokeze. Hata hivyo, kwa "m" ndogo ungeaibika zaidi, kwa kuwa miligramu 500 ni nusu gramu, yaani tone la kuonja kwa ncha ya kidole.

Msoma Nyuzi: Mimi simwamini mwenye uzi huu. Umepangika mno: kosa la mara bilioni, tani 500, shemeji mwenye fedha. Hili ni swali la mtihani wa kidato cha kwanza lililovishwa kanzu. Kama chupa hizo zipo, atuambie kila moja inachukua kiasi gani.

Mrina wa Tabora: Ndugu, unaniumiza. Ni chupa za nusu lita, ninazijaza mpaka shingoni, mililita 500 kamili, na hiyo 500 niliitoa hapo.

Mama Mizani: Msoma Nyuzi, mtunga mtihani hajitii hasara namna hii. Lita moja ya maji ni kama kilo moja, lakini lita moja ya asali inakaribia kilo 1.4, na aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20 anajua kwamba shingoni ni kilo 28 hivi. Nusu lita yako ni takriban gramu 700, kwa hiyo hata ungeandika "500 g" safi, ungekuwa unagawa gramu 200 bure kila chupa. Kwa chupa 240 hizo ni kilo 48. Iache herufi kwanza, ukapime.

Mrina wa Tabora: Nimetoka kwa jirani mwenye mizani. Ukiondoa uzito wa chupa, ni gramu 690. Shemeji sijamwambia. Ninafikiri kuifuta M kwa wino mweusi ibaki "500 g", na chupa zinazofuata nizijaze pungufu.

Mama Mizani: Gramu 500 zitaishia karibu na mililita 357, na mteja ataikuta chupa haijajaa, aulize nani ameilamba. Chapisha upya "700 g", uhakikishe inafika hapo kwa mizani, kisha upange bei upya. Kabla ya kuchapisha, pita Wakala wa Vipimo uulize. Hizo 240 zisitoke kwanza.

Mrina wa Tabora: Dada, katoni tisa kati ya kumi zimepanda treni ya Dar es Salaam asubuhi.