Giza la saa kumi jioni: pikipiki imefunikwa, sasa tufanye nini?

Kutoka: Omari, Sunderland

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Jumapili nimeifunika pikipiki yangu. Chumvi wanayomwaga barabarani inakula cheni na vyuma vya chini, na barafu ya asubuhi huioni mpaka uwe umeshaanguka. Nimeshatoa taarifa kwamba haitembei, nisilipe kodi ya bure hadi Machi. Shida yangu ni hii miezi minne. Nikitoka kazini nje giza, nikifika nyumbani watoto (miaka 6 na 9) wameinamia vishikwambi, na mimi nainamia simu. Nasikia humu kuna anayechomelea vyuma nyumbani na kuna anayetazama nyota na wanawe. Naomba mnieleze mlianzaje.

Kutoka: Baba Amani, Gateshead

Omari mdogo wangu, marahaba. Hilo giza unalolilalamikia ndilo lililonifaa mimi.

Huku Uingereza tuko nyuzi 55 kaskazini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Mei hadi karibu na mwisho wa Julai usiku haukolei, na mtoto wa miaka 6 huwezi kumkeshesha mpaka saa saba ya usiku akingoja nyota. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi. Saa kumi na mbili anga imeshakuwa nyeusi tii. Mnatoka, mnatazama, mnarudi, wanakula, na saa mbili wako kitandani.

Usianze kwa kununua darubini ndefu ya bei rahisi. Nilifanya kosa hilo. Mguu wake ulikuwa mwembamba, kila Amani akiigusa, Mshtarii (sayari ya Jupita) inarukaruka, mwisho mtoto akakata tamaa. Nikanunua darubini ya macho mawili, mtumba, yenye maandishi 10x50. Kumi ni mara inazokuza, hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiituliza juu ya ukuta na kuielekeza Mshtarii, unaiona miezi yake minne imejipanga kama punje za mtama, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake zimebadilisha nafasi. Amani alizichora siku tano mfululizo kwenye daftari bila mimi kumwambia. Sharti moja halina mjadala: mchana darubini inafungiwa kabatini. Mtoto akiielekeza kwenye jua mara moja tu, jicho limekwenda.

Usiku wa kwanza tulianza na Kilimia, kile kishada cha nyota. Bibi yangu kule Muheza alikuwa akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nimekua nikiijua kama methali ya darasani, chenyewe sikuwahi kukitafuta. Nimekuja kukiona Northumberland nikiwa na miaka 38. Kwetu jioni za masika kinapotelea magharibi, halafu Juni kinazuka alfajiri mvua zikiwa zimekatika. Bibi hakuwa akisema fumbo, alikuwa akisoma kalenda ya kulimia. Nilisimama pale kwenye baridi nikatamani angekuwa hai nimpigie simu.

Kama wanao wanakwenda madrasa, watafurahi zaidi. Ile nyota nyekundu inayokifuata Kilimia ni Aldebaran, Kiarabu cha "mfuasi". Rigel ni *rijl*, mguu. Deneb ni mkia. Binti yangu mdogo aliona fahari kubwa kusoma majina hayo kwenye kitabu cha Kiingereza na kuyaelewa kuliko mwalimu wake.

Mambo ya kivitendo. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja mnaanza upya. Sisi tunatumia taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli. Baridi inapanda kutoka chini, kwa hiyo wasimame juu ya boksi lililokunjuliwa au mkeka wa mazoezi, soksi mbili, na uji wa moto kwenye chupa. Nusu saa kwa huyo wa miaka 6 inatosha, usimlazimishe.

Mara mbili kwa msimu tunaendesha gari hadi Kielder. Eneo lile limetambuliwa kuwa hifadhi ya anga yenye giza tangu Desemba 2013, na kuna kituo cha kutazamia nyota kilichofunguliwa 2008. Kuingia kituoni unalipia na kuweka nafasi mapema, lakini sisi huegesha kando ya ziwa tu. Pale galaksi ya Andromeda unaiona kwa macho matupu, kiwingu hafifu. Nuru yake imesafiri miaka kama milioni 2.5 kumfikia mwanao. Mwambie hivyo, halafu nyamaza umwangalie uso.

Kutoka: Mama Nuru, Glasgow

Niongeze kidogo kwa aliyosema Baba Amani. Sisi twaishi ghorofa ya tatu, hatuna hata bustani, na bado twaweza. Dirisha la jikoni latosha kwa mwezi.

Mama yangu yuko Likoni, Mombasa. Jioni moja mwezi ulikuwa nusu, huku saa kumi na mbili, kwao saa tatu usiku. Nuru akampigia bibi yake kwa video wakachora wote wawili wanachokiona. Wa kwetu ulikuwa umesimama wima, mwangaza uko kulia. Wa bibi ulikuwa umelala, mwangaza uko chini kama dau. Nuru alidhani bibi amekosea kuchora! Ilibidi nichukue chungwa na tochi nimwoneshe kwamba mwezi ni ule ule, sisi ndio tumesimama mahali tofauti kwenye mpira. Tangu siku hiyo kila mwezi mwandamo wapigiana simu, na bibi ambaye zamani mazungumzo yao yalikuwa "umekula? umesoma?" sasa wana jambo lao.

Nyota za Msalaba wa Kusini tu ndizo Nuru amwonea wivu bibi, maana huku haziwezi kuonekana kabisa.

Kutoka: Fundi Salehe, Leeds

Omari, kuhusu chuma nitasema mimi, maana nimejifunza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijapanda ndege.

Kwanza: nyumba ya kupanga, muombe mwenye nyumba ruhusa ya maandishi, na uliza bima yako. Pili: usichomelee ndani ya kibanda cha mbao cha bustanini. Kule kwetu tunachomelea uwanjani juu ya mchanga, huku watu wanaingia kibandani kwa sababu ya baridi, cheche inajificha chini ya mbao na moto unakuja saa moja baadaye. Toa kazi nje kwenye vigae, siku isiyo na mvua, na ukimaliza kaa pale.

Mashine ndogo ya kuchomelea, ya inveta, inafanya kazi kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13 kama hutaki makubwa. Vijiti vya kuchomelea vya namba 6013, vya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, vinatosha bomba la mraba. Kama unatumia waya wa kuongezea wa kwenye gurudumu, ukunjue wote, ukibaki umezungushwa unachemka.

Vaa pamba na ngozi. Yale majaketi ya manyoya ya plastiki tunayoshinda nayo huku yanayeyukia mwilini. Watoto wasichungulie dirishani, mwanga ule hauumi papo hapo, usiku ndipo macho yanawaka kama yana mchanga. Bomba lenye zinki usilichome bila kuikwangua yote, moshi wake mweupe unaleta homa.

Na hili ni lako wewe mwenye pikipiki, nakuomba ulisome mara mbili: dawa ya kusafishia breki. Zile zenye klorini, mabaki yake yakikutana na mwanga wa kuchomelea yanatoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Usisafishie chuma unachokwenda kuchomelea. Tumia brashi ya waya, basi.

Wasio na mahali, kama Mama Nuru, ulizeni kama mtaani kwenu kuna karakana za jamii zinazoitwa Men's Sheds, na vyuo vingine vina madarasa ya jioni. Jiliwa na tupa pia havihitaji umeme. Mimi pete ya shaba ya mke wangu niliipiga tupa mezani jikoni.

Kutoka: Omari, Sunderland

Nawashukuru sana wote. Darubini nimeshaipata, 10x50, duka la hisani. Jana mawingu yalifunguka robo saa, mkubwa akaona miezi mitatu ya Mshtarii, akaniuliza wa nne uko wapi. Ila mikono inamtetemeka. Fundi Salehe, naweza kuchomelea mguu wa kuishikilia? Nina diski mbili za breki za gari, nilifikiri ziwe kitako.

Kutoka: Fundi Salehe, Leeds

Kitako kizuri, ni kizito. Lakini diski ni chuma cha kusubu, ukiichomelea itapasuka. Chomelea kibati chini ya bomba, ukitoboe, ukifunge kwa boliti kwenye matundu ya diski yenyewe. Darubini nyingi zina tundu lenye hesi katikati kwa mbele, limefunikwa na kifuniko kidogo, hapo ndipo utakapoishikiza. Bomba lifike kidevuni kwa huyo wa miaka 9, na la pili liingie ndani ya la kwanza ili ulipandishe akikua. Jumamosi niko nyumbani, mlete naye aje apime urefu.