Tupeane uzoefu: mnaomiliki msitu mdogo wa miti mchanganyiko, mliununuaje na mnautunzaje?

Ndugu wanajamvi, habari za kununua shamba la miti kule Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kuandikwa sana, na karibu zote zinahusu ekari zilizofyekwa zikabaki kipara kisha zikapandwa misindano mstari kwa mstari. Ningependa kuwasikia wale walionunua kipande kidogo, tuseme ekari tatu hadi ishirini, chenye miti ya asili ndani yake, wakaiacha isimame pamoja na ile waliyoipanda wenyewe. Naanza na habari yangu.

Mwaka 2011 nilinunua ekari saba wilayani Njombe. Zilipimwa kwa hatua, sabini kwa sabini kwa kila ekari, kama ilivyo desturi, na aliyepima alikuwa kijana mwenye miguu mifupi. Nilipokuja kurudia kwa kamba nikapata ekari sita na ushee. Hilo nililimeza. Kilichonisumbua zaidi ni kijito kinachopita upande wa chini, ambacho siku ya kununua nilikihesabu kuwa baraka tupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au kijito, shughuli zinazoweza kukiharibu chanzo hicho cha maji. Eneo langu linapakana na kijito kwa mita 130 hivi. Zidisha, utapata mita za mraba 7,800, yaani karibu ekari mbili ambazo siwezi kuzifyeka wala kuzijaza milingoti (mikaratusi). Kwa hiyo nilibakiwa na ekari nne na kitu za kupanda, na bonde zima la mivengi, miti ya asili ya sehemu zenye maji, ambalo wakati huo nililiona kama hasara niliyouziwa.

Ndani ya bonde hilo mlikuwa na vinyungu, yaani bustani ndogo za matuta za bondeni. Muuzaji alisaini, mkewe akasaini, majirani wa pande zote wakatembea nasi mpakani, muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji ukagongwa muhuri, na hakuna hata mmoja aliyevitaja, kwa sababu kwao vinyungu havihesabiwi kuwa shamba. Ni mahali pa kupatia mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Mwezi Juni shangazi wa muuzaji alinitokea na jembe begani akaniuliza nimekuja kumtembelea nani. Ilituchukua misimu miwili kuelewana. Mwishowe alihamishia matuta yake kwenye kona niliyompa upande wa juu, nami nikamwachia kuni zote za matawi yanayopogolewa.

Oktoba 2016 moto ulitoka kwenye shamba la jirani aliyekuwa akiandaa mahali pa kupanda. Misindano yangu ilikuwa na miaka minne, umri ambao gome bado ni jembamba, na iliteketea yote. Bonde halikuguswa kwa sababu ya unyevu wake. Mvua zilipoanza, milingoti ya mpakani ilichipua kwenye visiki, na miwati ikaota kila mahali, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri joto la moto lizipasue. Nilikwenda kuzika shamba, nikakuta msitu ambao sikuupanda.

Karibuni na ninyi mtoe yenu.

Mchangiaji wa Kilombero, anayeishi Dar es Salaam

Shukrani, ndugu mleta mada. Yangu inahusu kumiliki msitu ukiwa mbali nao, na nadhani wengi wetu tumo humo ingawa tunaona aibu kusema.

Nilinunua ekari tano nikapanda mitiki katika tatu, na mbili za kando ya korongo nikaziacha na miti yake, ukiwemo mkuyu mmoja mkubwa ulio karibu kabisa na njia, mtu akiingia hawezi kuukwepa. Nilimwachia msimamizi kazi ya palizi, nikawa namtumia fedha kila msimu naye ananitumia picha. Picha zilikuwa nzuri: mitiki mirefu, majani mapana kama masikio ya tembo, chini pamepaliliwa. Mwaka wa nne mama yangu mdogo, ambaye tulikwenda naye siku ya kununua, alizitazama kwa utulivu akauliza, "Na ule mkuyu wameuweka wapi?" Nilizipitia picha za miaka yote minne. Mkuyu haumo hata katika moja.

Nilipofika niligundua kwamba lililokuwa likipigwa picha ni shamba la mtu mwingine, kilomita kadhaa kabla ya kufika kwangu. Mitiki yangu ilikuwa imesongwa na nyasi tangu mwaka wa kwanza, na iliyobaki hai haikufika theluthi. Mkuyu ulikuwepo, na zile ekari mbili za korongoni hazikuwa na kasoro yoyote. Siku hizi kila picha lazima iwe na mkuyu, na msimamizi mpya nimempa haki ya kuweka mizinga yake kule korongoni. Tangu apate asali yake mwenyewe mle ndani, mtu akiwasha moto karibu ananipigia simu kabla sijauliza. Mshahara peke yake haukuwahi kunipatia simu ya namna hiyo.

Mchangiaji wa Muheza

Kwangu ni kwa ufupi. Nilinunua eneo lenye mivule miwili, na kusema kweli bei niliyokubali niliikubali kwa ajili ya hiyo mivule, kwani nilikuwa najenga na nilishaiona milango kichwani. Afisa misitu wa wilaya alinieleza kwamba kuwa na hati ya ardhi ni jambo moja, na kuukata mvule ni jambo jingine linalohitaji kibali, hata kama umesimama mlangoni pangu. Sikuwahi kuuliza kabla ya kulipa. Milango nilinunua mjini. Mivule ipo, na chini yake nimepanda iliki na pilipili manga, ambayo imepanda juu ya shina la mmoja wao vizuri kuliko nguzo zozote nilizosimika.

Mchangiaji wa Nyandarua, Kenya

Huku kwetu utaratibu ni tofauti kidogo, kwa hiyo ndugu wa Kenya wanaosoma wasichukue hatua za Tanzania kama zilivyo. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisi tunaweza kununua shamba la hatimiliki ya kudumu, lakini shamba la kilimo halihamishwi kihalali bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe. Muuzaji wangu alichelewesha kwa visingizio hadi mwezi wa tano kati ya ile sita, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkewe hakuwa amekubali kuuza. Alikuja mbele ya bodi, akasema atakubali iwapo miti ya asili iliyo juu ya chemchemi haitaguswa, kwa kuwa mamake mkwe ndiye aliyeilinda. Nikakubali, na kwa bahati nilikuwa nimepanga hivyo.

Jambo moja zaidi: serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, wanunuzi waligeukia mashamba ya watu binafsi, na simu zilikuwa haziishi. Waliouza kila kitu wakati ule wengi wao walikata hata miti michanga.

Mchangiaji wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao

Naomba niseme kutoka upande wa mnunuzi. Mtu wa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba, akiingia kwenye msitu mchanganyiko atakwambia hauna bei, kwa sababu anataka miti ya aina moja na unene unaolingana ili asipoteze muda. Anasema kweli kidogo na anapunguza bei sana. Usimuuzie eneo kwa kutazama. Ingia mwenyewe, weka alama ya rangi kwenye miti unayouza tu, pima unene kwenye usawa wa kifua, andika hesabu ya msindano peke yake na ya mlingoti peke yake, kwa sababu mlingoti ulionyooka unaweza kufaa nguzo na haupaswi kuuzwa kwa bei ya mbao. Fedha zilipwe kabla msumeno haujawashwa. Mkataba useme pia gogo litaburutwa kupitia wapi. Nimeona bonde zuri likisambaratishwa na mti mmoja ulioangushiwa upande usiofaa. Mabanzi nayo, yale mapande ya kando ya gogo yanayobaki baada ya kupasua, yatajwe ni ya nani, maana nimeshuhudia ugomvi mkubwa kwa ajili ya mabanzi.

Mleta mada

Nimesoma yote kwa makini. Kuna aliyeniuliza pembeni kama nilipanda upya baada ya moto. Nilipanda ekari mbili tu za msindano, kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ambayo inatoa takriban miche 450 kwa ekari, na kuzizunguka nimeacha njia ya moto ya mita kumi inayolimwa kila Juni. Sehemu iliyobaki niliipunguza miwati kidogo kidogo kwa ajili ya kuni, nikaiacha mivengi ipande kutoka bondeni yenyewe. Inapanda polepole, katika miaka hii yote imesogea hatua ishirini na mbili, zangu, si za yule kijana.

Shangazi bado analima kona yake. Nitamuuliza kuhusu mizinga.