Mabaharia wazoefu wanapoona vitu visivyoelezeka angani: tuyapime vipi maelezo yao?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikifuatilia taarifa za manowari za Marekani zilizoripoti vitu visivyotambulika angani karibu na California. Mwezi Novemba 2004, rada ya USS Princeton ilionyesha vitu vya namna hiyo, na marubani wa USS Nimitz, meli ya kubebea ndege za kivita, walioelekezwa huko wakasema wameona chombo cheupe chenye umbo la kidonge, kisicho na mabawa. Mwezi Julai 2019, video iliyopigwa kutoka USS Russell ikaonyesha pembetatu zinazomweka juu ya meli. Hawa si watu wa kubabaishwa na nyota. Je, ipo sababu ya msingi ya kutoyaamini macho yao, au tunawabeza tu kwa kuwa hatuna maelezo?

Mkaa Zamu:
Ndugu Mdadisi, kuwabeza hakufai. Nimekuwa ofisa wa zamu kwenye meli za mizigo, na kwangu swali la kwanza si kama baharia ni mkweli, bali kama aliujua umbali wa kitu alichokiona. Usiku baharini hakuna mnazi wala mlima wa kulinganisha nao. Mwanga ulio maili 2 na ulio maili 200 huweza kuonekana sawa kabisa. Ukikosea umbali umekosea ukubwa, na ile kasi ya ajabu unayoikadiria inakosa msingi. Uzoefu wa miaka mingi hauliondoi tatizo hilo.

Kuhusu zile pembetatu, mwezi Mei 2022 Scott Bray, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa upelelezi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alilieleza Bunge la nchi hiyo kwamba umbo hilo lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea gizani kabla ya kunaswa na kamera. Nuru isiyolengwa sawasawa huchukua umbo la tundu la lenzi, na katika video hiyohiyo hata nyota zilionekana kuwa pembetatu. Vyombo vyenyewe, kwa maelezo yake, vilihusishwa na droni. Kitu kilikuwapo, basi, ila umbo halikuwa lake.

Mdadisi:
Nimekuelewa. Lakini tukio la 2004 lilitokea mchana, na lina rada na macho kwa pamoja. Vyote viwili vitakosea kwa wakati mmoja?

Matlai:
Vinaweza, ingawa sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hewa yenye joto inapotanda juu ya hewa iliyopozwa na bahari, jambo la kawaida pwani ya California, mwanga hupinda, na meli iliyo mbali huonekana imeelea angani. Hayo ndiyo mazigazi. Tabaka hilohilo hupinda mawimbi ya rada, hata skrini ikaonyesha vitu vilivyo mbali mno. Rada na macho, kwa hiyo, huweza kupotoshwa na sababu moja.

Hata hivyo, mazigazi hayatoshi kueleza alichokisimulia David Fravor, mmoja wa marubani wale wa Nimitz. Yeye alikitazama kitu hicho kutoka juu, akakishukia kwa kuzunguka, na Alex Dietrich, aliyekuwa katika ndege ya pili, akakiona pia. Mazigazi hukaa karibu na upeo wa macho, si chini ya ndege. Hapo nakiri kwamba maelezo tuliyonayo yanapwaya. Video ya tukio hilo la 2004 iliyosambaa haisaidii sana, maana ilipigwa baadaye na wafanyakazi wa ndege nyingine. Na kwa kuwa takwimu ghafi za rada hazijawekwa hadharani, dai kwamba vitu hivyo vilishuka ghafla kutoka zaidi ya futi 60,000 linategemea kumbukumbu za waliokuwa mbele ya skrini.

Mkaa Zamu:
Naongeza jambo moja kwa walio kazini, hasa sasa ambapo setilaiti za intaneti za Starlink humweka na kufifia karibu na upeo wa macho na kuwashtua hata marubani. Andika papo hapo kwenye daftari la meli saa, mwelekeo kwa dira na pembe ya kitu kutoka upeo wa macho. Ukubwa na kasi viache. Meli mbili zilizo mbalimbali, zikiandika mwelekeo wa kitu kilekile kwa wakati mmoja, zinatosha kuukokotoa umbali wake.